Sungura Aliyekataa Mapishi ya Joash

Mume wangu, Joash Obuya, aliwapikia wanafunzi wa bweni kule Dagoretti zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu nilidhani nyumba yetu hii ya Woodley itapata utulivu. Thubutu! Mtu aliyezoea kulisha watoto mia nne hawezi kupikia watu wawili. Watoto wetu walishaondoka, kila mmoja na kwake, na mimi nina ugonjwa wa sukari. Kliniki waliniambia nipunguze wanga, nikapunguza. Basi kila mchana Joash ananiwekea ugali kama kichuguu, mimi namega kidogo, naye ananitazama kama mtu aliyetukaniwa mamake. Fundi wa mfereji akija hatoki bila kula. Yule kijana wa kusoma mita siku hizi anaisoma kwa mbali, juu ya ua.

Sasa, mwaka jana kanisani ilikuwa Jumapili ya mavuno. Watu walileta mahindi, ndizi, kuku, na Mzee Jamleck wa Mountain View, ambaye hufuga sungura, akaleta kitoto kimoja ndani ya kapu, na fungu la nyasi kavu limefungwa pembeni. Kilikuwa kidogo sana, cha kuachishwa ziwa juzi tu. Mnada ulipofika kwake, Joash akainua mkono. Nikafurahi, maana mimi nilikuwa naona kitoweo.

"Tutamlisha mpaka Krismasi," nikamnong'oneza.

"Tutamlisha," akasema, na nilipaswa kujua hapo hapo kwamba Krismasi hakuisikia.

Akampa jina Mnada, akamtengenezea makao jikoni ndani ya kreti ya mkate. Zile nyasi za Mzee Jamleck akawashia jiko. Nilipomuuliza mbona, akanijibu, "Nyasi ni ya ng'ombe, Mama Debra. Huyu ni mtoto." Asubuhi Mnada akawa anapata uji wa wimbi wenye maziwa. Saa nne, kipande cha chapati. Mchana kabeji iliyokatwa nyembamba kama ya harusi, na karoti, na kiazi kitamu kilichopondwa. Jioni sukuma wiki mbichi kutoka soko la Toi, tena ya kuchagua. Mimi sijawahi kuchaguliwa sukuma hivyo tangu nilipolipiwa mahari.

Asubuhi moja nikiwa naanika nguo, Joash akanijia uani, uso umemshuka.

"Mama Debra, anakula choo chake."

"Nani?"

"Mnada. Ameinama, amekichukua huku chini kwa mdomo, kile laini, akakila. Na kabeji yangu iko mbele yake."

Nilicheka mpaka nikaangusha vibanio. Yeye hakucheka hata kidogo. Katika kazi yake aliona mengi: wavulana waliolalamika kwamba maharagwe yana wadudu, wengine wakagoma na kumwaga githeri uwanjani. Lakini mlaji wa kukiacha chakula chake na kwenda kula kinyesi, huyo hakuwahi kumpata. Tangu siku hiyo akawa analinda ile kreti kwa ufagio mdogo. Kile choo laini kikitokea tu, amekizoa. Kisha akaongeza chakula ili Mnada asipate sababu. Ndizi mbivu ikaingia. Uji ukatiwa sukari.

Siku chache baadaye akaniita jikoni, amefurahi. "Unaona? Kreti kavu kabisa. Ameacha ile tabia."

Nikachungulia. Kweli hapakuwa na choo, si laini si kigumu. Lakini Mnada alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu wazi, anasaga meno. Joash akamwekea ndizi, Mnada akageuza uso. Joash akachukua kijiko cha uji, uji ukamwagika kidevuni mwa Mnada. Nikamshika tumbo. Lilikuwa gumu, limejaa kama mpira.

Mimi nina mdomo, sikatai. "Baba Debra, umemlisha mpaka anakufa."

Joash akakaa kwenye kigoda. "Kwa mkono wangu hajawahi kufa mtoto," akasema. Hakunijibu kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikajifunga leso, nikabeba kreti, nikamwambia twende.

Daktari wa mifugo karibu na Ngong Road ni binti mmoja anaitwa Janice Kibe. Alimsikiliza Mnada tumboni, upande huu na upande huu, kisha akauliza amekuwa akila nini. Joash akaanza kutaja kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya karamu. Alipofika kwenye chapati, sauti ilikuwa imeshuka. Kwenye ndizi nilimsaidia mimi.

"Mzee," Daktari akasema, "tumbo la sungura mdogo bado linajifunza kazi. Vitu vya wanga na sukari vinachacha mle ndani, gesi inajaa, utumbo unasimama. Kabeji nayo inazidisha gesi. Nyasi kavu ndiyo inayosukuma. Awe nayo mchana na usiku, pamoja na maji safi. Mboga zitakuja akikua, jani moja moja, ukiangalia choo."

"Kuhusu hicho choo, Daktari," Joash akasema polepole, "kile laini. Nilikuwa namnyang'anya."

"Uache. Kile ni chakula. Nyasi hazimalizi kazi mara moja, kwa hiyo anazipitisha tumboni mara ya pili."

Joash akafikiri. "Yaani anajipikia?"

"Anajipikia," Daktari akasema, naye hakucheka. Nikampenda hapo.

Akamdunga maji na dawa ya maumivu. Akatuambia tumweke penye joto, tumsugue tumbo kwa vidole taratibu, na asipopata choo kufikia jioni tumrudishe. "Sitawadanganya. Wadogo hivi hufa haraka."

Tukapitia agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, kununua nyasi kavu. Nyumbani Joash akaketi sakafuni kando ya kreti. Jiko halikuwashwa. Mchana ukaja, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu, hakukuwa na sufuria mezani. Alisugua tumbo la Mnada kwa vidole viwili. Kila baada ya muda alinyanyuka kuelekea kwenye kabati, nami nikamwambia "Keti," akaketi. Mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa.

"Kumpa mtu nyasi na maji," akasema, "ni kama kumwambia ondoka."

Nikashuka sakafuni nikakaa karibu naye, na magoti yangu haya. Chakula cha huyu mwanamume kimenitia hasira miaka mingapi sijui. Lakini haki, mchana ule ningekula sufuria nzima ya ugali, sukari ipande inavyotaka kupanda, kama hiyo ingemwondolea ule uso.

Nilikuwa nimesahau kwamba ni zamu yangu kukaribisha kikundi cha kina mama wa kanisa. Walibisha hodi saa tisa. Nikawaweka sebuleni nikiona haya, na Mama Nakhumicha, mwenyekiti wetu, mwanamke asiyeweza kuona vumbi akanyamaza, akaanza maombi. Alikuwa amefika kwenye wagonjwa wa hospitali mlango wa jikoni ulipofunguka.

"Mama Debra," Joash akasema, "fungua macho."

Alikuwa amekunja mkono kama aliyebeba kifaranga. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye masharubu. Akafungua kiganja, na ndani mlikuwa na vipira vitatu vya choo, vigumu, vya duara, vyenye vipande vya nyasi.

"Amekwenda choo. Sikumpa kitu. Nilikaa tu."

Akamwonyesha kila mama, mmoja mmoja, akizunguka sebule. Mama Nakhumicha akainama, akavitazama vile vipira, akanitazama mimi, akasema, "Amina."

Kina mama waliondoka bila hata chai. Joash hakuwaona wakitoka. Alikuwa amerudi jikoni, amelala ubavu kwenye saruji, sikio karibu na kreti, anamsikiliza Mnada akitafuna.