Bibi Kulungu na Swali la Watoto

Mlango wa jumba la makumbusho haujafunguliwa, naye mwongozaji wa wageni ameshavua viatu. Anakanda vifundo vya miguu, anavaa tena viatu kwa kuguna, kisha anasimama mbele ya picha kubwa kuliko zote ukumbini: mabwana wakubwa juu ya farasi, mbwa wamewatangulia, na pembeni kabisa kulungu anakimbilia msituni.

Watoto wa shule wamempa jina la Bibi Kulungu. Kazi yake ni kuwafafanulia wageni picha hiyo, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Mwongozaji haruhusiwi kukaa mbele ya wageni.

"Miguu hii ingekuwa na mdomo, ingeshanishtaki," anasema, na kicheko chenyewe kimechoka.

Huanzia juu. Anaonyesha makoti ya mahameli, glavu, bwana mmoja ambaye hamtazami hata mnyama, anamtazama mwenzake wa farasi wa pili. "Hawa hawana njaa, wanangu. Wamekuja kuonekana." Kisha anamfikia mtu pekee anayekwenda kwa miguu, mshika mbwa, tope hadi magotini. "Na huyu ndiye anayefanya kazi."

Swali huwa moja: kulungu atapona? Mchoraji hakusema. Miaka yote Bibi Kulungu alijibu kwamba alipona, watoto wakapiga makofi, yakaisha.

Mwezi uliopita, akiwa na kundi la nne kwa siku hiyo, ulimi ukamponyoka. "Atakamatwa," aliwaambia. "Hamwoni amechoka?" Mtoto mmoja akaangua kilio, akabembelezwa wee, wapi! Mwalimu akalalamika. Meneja akamwita ofisini: likitokea tena, atahamishiwa chini, chumba cha kutunzia mizigo ya wageni.

"Huko kuna kiti, sikatai," anasema. "Dada yangu kila siku, 'Mdogo wangu, kubali ukakae.' Nikakae nikitazama mikoba ya watu? Nitakufa kwa upweke. Miguu ndiyo imechoka, kazi sijaichoka."

Leo meneja amesimama nyuma ya watoto, mikono kifuani. Msichana wa mstari wa mbele anauliza lile lile. Bibi Kulungu anamtazama meneja, anaigeukia picha, hadi mwalimu anakohoa.

"Sijui, mjukuu wangu," anasema hatimaye. "Nilikuwa najidai najua. Hebu mtazame wewe, uniambie."

Watoto wanasogea. Msitu uko karibu! Hapana, mbwa wako karibu zaidi! Ukumbi unajaa kelele. Meneja anasikiliza, anatazama saa yake, anaondoka. Bibi Kulungu anashusha pumzi.

Anatarajia nini mbele ya safari? Anaegemea ukuta, jambo ambalo nalo limekatazwa.

"Siku ya kuacha ipo, tena si mbali," anasema. "Ila zile ngazi za kwenda chini nataka nizishuke kwa hiari yangu, nikiwaacha watoto hapa wanabishana."