Mikono Nyuma ya Mgongo

Asubuhi moja imebaki machoni mwangu kuliko nyingine zote, mwanangu. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani, na sisi watu wa upande wa Mutoshi tulikuwa tumesimama kando ya barabara tangu jua lilipotoka, tukingoja mashindano ya baiskeli yapite. Sikuwa mzee wakati huo. Nilikuwa na miguu.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana jambo hili ukilisikia nusu halitakufaa.

Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Kapenda. Tulikua mtaa mmoja na kubatizwa parokia moja. Kila Jumapili baada ya misa tulitoka na baiskeli zetu, ambazo huku kwetu tunaziita kinga. Mimi nilikuwa karani mdogo katika ghala la vipuri, na Kapenda alikuwa mbeba makala, yaani makaa ya kupikia. Siku za kazi kinga yake ilirudi kutoka porini na magunia yaliyopita kichwa chake kwa urefu. Jumapili ilikuwa tupu, na hapo ndipo ulipoona kijana huyo alikuwa nani.

Tulifunga suruali vifundoni kwa vipande vya mpira wa gurudumu, tukashika njia ya Fungurume. Mmoja alitangulia kukata upepo, mwenzake akajificha nyuma, gurudumu karibu liguse gurudumu. Tulipofika kwenye kichuguu kikubwa tulibadilishana, na vichuguu vya huku unavijua, vingine vimezidi nyumba kwa kimo. Hatukuongea sana. Hadi leo nikifumba macho nimkumbuke Kapenda, siuoni uso wake kwanza. Naona mgongo, shati limelowa katikati, na shingo ikigeuka kidogo kuangalia kama bado nipo.

Sasa nikueleze kuhusu kilima. Barabara ya wakati huo ilipanda kilima kirefu kabla ya kuingia Mutoshi, na wabeba makala wote walikipitia. Hapo palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitunga na kila mtu aliifuata: ukimkuta mtu anapanda na mzigo, unaweka mikono yako nyuma ya gunia na kumsukuma hadi juu. Humwulizi jina wala anakotoka. Mwanamke anayetoka sokoni alisukuma, mchimbaji mwenye matope hadi magotini alisukuma, hata katekista aliyevaa kanzu yake nyeupe alisukuma, akafika kanisani na viganja vyeusi. Juu kabisa aliketi mama yake Kapenda, tuliyemwita Mama Kapenda, akiuza munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi. Aliyepanda alikunywa, aliyesukuma naye alikunywa, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Basi, mwaka huo zikaja habari kwamba waendesha baiskeli wa kazi, watu wanaokula kwa miguu yao, watapita kwetu wakielekea Lubumbashi, siku kadhaa za mbio. Vijana wachache wa nyumbani walichaguliwa kukimbia pamoja nao, na Kapenda akawa mmojawapo. Wakampa kinga nyembamba, nyepesi, unaiinua kwa vidole. Wabeba makala wenzake waliizunguka wakaicheka.

“Kinga gani hii? Haina hata pa kufungia gunia!”

“Na kiti chake sawa ulimi wa mbuzi. Kapenda, utazaa kweli?”

Yeye alicheka pamoja nao. Lakini Jumapili ya mwisho, tukiwa tumeketi pale juu na vikombe vyetu, aliacha kucheka. Alitueleza, mimi na mama yake, kwamba kocha mmoja wa timu ya wageni amewaambia vijana wa nyumbani: atakayefika Lubumbashi, atamtazama; anaweza kumchukua Ulaya, katika timu yake. Atakayetolewa njiani amekwisha.

“Na mutu anatolewa juu ya nini?” mama yake akauliza.

“Juu ya kuchelewa sana. Ao juu ya kusukumwa. Mutu akinigusa tu, mutu wa pikipiki anaona, ananitoa. Munkoyo ninaweza kupokea, mama. Mukono wa mutu, hapana.”

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Mama Kapenda naye alisikia. Alifuta kikombe kwa ncha ya kitenge chake, akakifuta tena, ingawa kilikuwa kimeshakauka.

Narudi asubuhi ile. Kilima chote kilijaa watu pande zote mbili. Wachimbaji walikuwa wamepanda juu ya marundo ya udongo, wanafunzi wamepewa ruhusa, na malori ya madini yalikuwa yamesimamishwa nyuma kule, mstari usio na mwisho, madereva wamelala chini yake. Kwanza zilipita pikipiki. Kisha gari lenye kipaza sauti. Kisha mtoto aliyekuwa juu ya kichuguu akapiga kelele: “Banakuya! Banakuya!”

Mwanangu, kama hujawahi kuona jambo hilo, ni vigumu kukueleza. Hukusikia mtu akihema. Ulisikia minyororo yao, sauti kama mvua inapoanza kugusa mabati. Walikuja wamebanana, rangi zote, viwiko karibu vigusane, na kilima kilichowatoa jasho wanaume wetu wote wakakipanda kana kwamba barabara inateremka. Upepo wao ulipeperusha vitenge. Halafu wakawa migongo. Halafu hawakuwepo.

Mzee mmoja karibu yangu akabaki mdomo wazi. “Ni hii tu? Niliacha shamba yangu juu ya hii?”

Watu wakacheka. Lakini mimi nilikuwa nimetazama kila uso, na Kapenda hakuwamo.

Kundi jingine likapita, dogo. Hayumo. Wawili watatu wakapita. Hayumo. Magari yenye kinga juu ya paa yakapita yakipiga honi, na watu wakaanza kukunja viti vyao. “Wa kwetu eko wapi?” mmoja akauliza, na mwingine akajibu, “Alishaingia mu motoka ya nyuma, kitambo.” Kulikuwa na gari mwisho kabisa, la kuwaokota walioshindwa. Moyo wangu uliamini hivyo. Nilikwenda kwa Mama Kapenda nikamwambia, “Mama, tuende. Nitakubebea ndoo.”

Hakunitazama. Macho yake yalikuwa chini ya kilima. “Nani alikuambia mi nilikuya kuangalia bazungu?” akasema. “Kaa.”

Tukakaa. Na baada ya muda akaonekana: nukta moja chini kule, nyuma yake pikipiki ya msimamizi, nyuma ya pikipiki lile gari, likimfuata pole pole kama magari yanavyofuata jeneza. Goti lake lilikuwa na damu. Alikuwa ameanguka mahali. Alikanyaga kwa mwili mzima, kinga ikiyumba kushoto, ikiyumba kulia. Alikuwa akipanda kama alivyopanda na makala.

Hapo ndipo watu walipofanya jambo la pekee walilolijua.

Hawakukubaliana wala kuitana. Walitoka pande zote wakamkimbilia, wanawake, wachimbaji, hata yule mzee wa shamba, mikono imetangulizwa mbele. Kapenda alipowaona alipaza sauti iliyokatika, “Musiniguse! Bandugu, musiniguse!” nao wakadhani ni adabu tu, kwa kuwa kila anayesukumwa husema kwanza, niache, usijisumbue. Mtu wa pikipiki akaweka filimbi mdomoni. Nami, niliyesikia yote Jumapili ile, nilikuwa mbele yao wote. Kiganja changu kilikuwa kimebakiza upana wa mkono kufika kwenye kiti chake.

Mkono wa mtu ukanidaka kwenye kifundo cha mkono. Mkavu, wenye nguvu kuliko nilivyotegemea.

“Toa mukono!” alikuwa Mama Kapenda. “Mi ndiye niko mama yake, na sijamugusa. We ni nani?”

Kisha akageukia watu, akapanua mikono kama mtu anayezuia ng’ombe wasiingie shambani. “Mutamuua! Mukimusukuma, munamuua! Mikono nyuma! Yote!” Na yeye mwenyewe akapeleka mikono yake nyuma ya mgongo, akafumbata vidole, akaanza kutembea kando ya mwanawe.

Ndivyo tulivyopanda. Kapenda juu ya kinga iliyokwenda kwa mwendo wa mtu; sisi pembeni, kilima kizima cha watu, kila mmoja mikono nyuma ya mgongo kama wafungwa. Hakuna aliyeimba. Mama Kapenda ndiye aliyeongea, sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa. “Kanyaga, tata. Hapa ndipo unapitaka kila siku. Kanyaga. Magunia haiko leo. Kanyaga, tata yangu.” Kwetu mzazi humwita mwanawe tata, yaani baba, na binti yake mama, akimpenda sana, kwa heshima ya wazee waliowapa majina. Niliiona mikono yake kutoka nyuma. Ilikuwa ikishindana, mmoja ukitaka kutoka, mwingine ukiukatalia.

Juu, alichukua kikombe cha munkoyo akakinyoosha, naye Kapenda akakipokea bila vidole vyao kugusana, akanywa nusu, nusu ikamwagikia kifuani, akakitupa na kuinama. Mteremko ukamchukua. Mtu wa pikipiki alikuwa ameondoa filimbi mdomoni zamani. Alipompita mama huyo aliinamisha kichwa kidogo.

Kapenda alifika, mwanangu. Siku ile alifika wa mwisho ndani ya muda, na siku zilizofuata akafika, hadi Lubumbashi, na yule kocha akamtazama, akamchukua. Akarudi nyumbani siku chache tu kukusanya nguo zake. Siku ya kuondoka tulimsindikiza kwenye basi. Mama yake alipitisha mkono dirishani, akamshika shavu, akamshika sikio, akamshika kichwa, watu nyuma wakinung’unika kwamba basi linachelewa.

“Leo mutu wa pikipiki haiko,” alisema. “Leo ninagusa.”

Basi likaondoka na mkono wake bado ndani, akatembea nalo hatua chache, hadi likamwachia.

Kapenda hakurudi. Alikimbia mbio za baiskeli huko Ulaya miaka kadhaa, kisha miguu ikachoka, akaoa, akapata watoto ambao nimewaona katika picha. Mama yake alipofariki, karatasi za Kapenda za kuishi huko hazikuwa zimekamilika; angetoka asingeruhusiwa kuingia tena. Nilishika simu juu ya kaburi ili asikie wimbo. Sikuambiwa na mtu kufanya hivyo.

Na kilima? Ukikitafuta leo hukioni. Chini yake palikuwa na shaba na kobalti, na mashine zilianza upande mmoja zikatokea upande wa pili. Pale alipoketi Mama Kapenda na ndoo yake ni shimo, na ukisimama ukingoni unawatazama ndege migongoni, wakiruka chini yako. Barabara imezungushwa mbali, ni tambarare. Nilimwambia Kapenda kwa simu. Akasema, “Basi hakuna wa kunisukuma tena,” akacheka, nami nikacheka, na hatukuweza kuendelea.

Bado naendesha. Jumapili asubuhi, kabla malori hayajawa mengi, natoka kidogo njia ya Fungurume. Nikifika kwenye kichuguu nasogea pembeni, kwa mazoea, nimpishe mtu atangulie. Upepo unanipiga kifuani peke yangu, narudi.

Kiangazi hiki mbio zimepita tena. Nilikwenda na mjukuu wangu Sifa, ambaye huniita kambo kama watoto wote wa huku wanavyowaita babu zao. Kundi lilipokwisha kupita alikunja mwavuli. “Kambo, tuende. Bote bamepita.” Nikamwambia akae. Alinikasirikia kidogo, jua lilikuwa kali. Mwishowe akaja kijana mmoja, wa nchi gani sijui, uso umejaa chumvi ya jasho, na lile gari likimfuata. Hakukuwa na mtu barabarani ila sisi wawili na muuza mikate. Sifa alimtazama, akanitazama, kisha akashuka barabarani na chupa ya munkoyo, akainyoosha kama nilivyomwonyesha, ameishika shingoni. Kijana akaichukua. Sifa akatembea naye kidogo, na nikaona kwamba mkono wake mwingine, bila yeye kuambiwa, aliuweka nyuma ya mgongo.

Jioni nilimpigia Kapenda. Nikaanza kumweleza nani ameshinda, akanikata.

“Wacha ile. Wa mwisho alikuwa nani?”

Mwanangu, ninalokuachia ni hili. Utakuwa na mtu wako anayepanda: ndugu, rafiki, mtoto utakayemzaa. Usiondoke kando ya barabara eti wengine wote wamekwisha kupita. Mngoje. Na akifika amechoka, jiulize kwanza kama mkono wako utamfikisha au utamtoa. Kama utamtoa, uzuie, hata ukikuuma, na utembee naye pembeni, umwambie maneno anayoyajua. Lakini siku ya basi, usijizuie. Shika shavu, shika sikio, waache wenye haraka wanung’unike, maana kilima unachodhani kitakungoja kinaweza kuchimbwa, na mgongo uliouzoea mbele yako unaweza kubaki machoni tu.

Mungu akupe mtu wa kukukatia upepo, nawe umkatie wake. Akupe mama, au aliye kama mama, juu ya kila kilima chako. Na ukiwa wa mwisho, tata yangu, mama yangu, ukute mtu bado amesimama.