Kidole Juu ya Kalenda

Siku ile haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa kanisa limekupa kazi ya kutafuta mpiga chapa, leo utaisikia yote. Weka hizo sampuli chini kwanza. Kaa.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Kibirichia, na kulikuwa na mwanamke mmoja, Karimi, ambaye sikumpenda hata kidogo. Hakuwa amenikosea lolote. Kosa lake ni kwamba akiimba watu wananyamaza, akifuma sweta watu wanataka kuishika, na viazi vyake, wee, hata viazi vyake vilikuwa vikubwa kuliko vyangu na mashamba yetu yamepakana! Mchungaji akitaja akina mama wenye bidii, macho yanaenda kwake. Nilikuwa nafika nyumbani na hasira, namkaripia mume wangu bure.

Mwaka huo kanisa liliamua kuchapisha kalenda ya rangi. Juu yake ingewekwa picha ya mwinjilisti wetu wa kwanza, aliyekuwa amefariki. Mjane wake, Mama Mwirigi, ndiye aliyeitoa picha hiyo, na hakuwa na nyingine. Aliikabidhi kamati ikiwa imefungwa kwa leso, akasema, "Wajukuu wangu hawakumwona. Nataka kila mmoja awe naye ukutani." Basi kamati ikatutuma mimi na Karimi, kila mmoja alete sampuli ya mpiga chapa wake, wazee wachague.

Mimi nilishuka Meru mjini, nikaingia duka moja upande wa Kinoru. Nikapewa kalenda mpya, nzito, inang'aa. Nikiwa njiani kurudi niliitazama vizuri. Ilikuwa na picha ya bibi harusi, na wekundu wa midomo yake ulikuwa umeteleza ukakaa shavuni, kwa sababu rangi moja ilipigwa kando ya nyingine. Nililamba kidole nikasugua kona ya karatasi, wino ukanifuata. Usifikiri sikujua, mwanangu. Nilijua kabla sijafika nyumbani.

Karimi naye alileta kitu cha kuchekesha. Dada yake ameolewa Ishiara na ana duka huko, kwa hivyo Karimi alienda akaitoa ukutani kalenda ya mwaka uliokwisha, kazi ya mpiga chapa mmoja wa Embu. Ilikuwa na masizi na alama za nzi. Wazee walicheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Karimi akangoja tumalize. "Hii imepigwa na jua la Ishiara mwaka mzima," akasema. "Tazameni, nyekundu bado ni nyekundu. Someni hizi herufi ndogo. Hiyo mpya hatujui itakuwaje ikikaa ukutani."

Alikuwa amesema kweli. Na hapo ndipo wivu uliponipanda, maana hata kwa kalenda chafu mwanamke huyu alikuwa ananishinda! Nikasimama, nikainua yangu juu, kidole gumba kikiwa kimefunika uso wa yule bibi harusi, nikaipitisha mbele ya kila mzee bila kuiachilia. "Wazee, mnataka mwinjilisti wetu ang'ae ama mnataka anuke moshi?" Mwenyekiti, Mzee M'Ikiara, akagonga meza kwa kicheko, na yangu ikapita. Nilienda nyumbani nikiimba, mimi nisiyejua kuimba.

Kalenda zilipofika tulizifungua nje ya kanisa baada ya ibada. Mama Mwirigi akapewa ya kwanza. Akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaitazama tena. "Huyu ni nani?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. Uso ulikuwa mwekundu kama nyanya iliyooza, na macho mawili yamekuwa manne.  Kesho yake nilikimbia Meru nikachukue ile picha yenyewe, turudie kazi kwa yule wa Embu. Wakapekua makaratasi yao, wakafungua madroo, wakaniambia hawaioni.

Nilimkuta Karimi kwa Mama Mwirigi, anamsaidia kumenya viazi. Nikawaambia picha imepotea. Mama Mwirigi akainama tu juu ya sufuria. Nilipotoka, Karimi akanifuata mpaka uani.

"Mwalimu, siku ile niliona kidole chako," akasema kwa sauti ya chini. "Nilinyamaza. Niliogopa watasema nakuonea wivu."

Heri angenizaba kofi! Mimi ndimi niliyekuwa nikiamka na wivu na kulala nao, na yeye ndiye aliyeogopa kuonekana ananionea wivu! Nilirudi ndani nikamweleza Mama Mwirigi kila kitu. Hakunipigia kelele. Alichukua makasi, akaukata ule uso mbaya kwenye kalenda, akaubandika ukutani. "Nitawaambia alikuwa mzuri kuliko hivi," akasema. Na aliwaambia hivyo, mjukuu mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofariki.

Nitakudanganya nikisema wivu wangu uliisha siku hiyo. Karimi amezeeka na meno yake yote, na hayo pia namwonea wivu.

Sasa zichukue sampuli zako. Ile waliyokupa dukani wameichagua wao, usiiamini upesi. Tafuta mtu aliyechapishiwa zamani, umwombe akuonyeshe yake. Tazama nyuso za watu kabla ya maua, maana ua likiharibika hakuna anayelia. Lamba kidole usugue, kisha usome herufi ndogo mpaka ya mwisho. Yako ikiwa na kasoro, itaje kabla hujaulizwa. Na mwenzako akileta iliyo bora, uwe wa kwanza kusema ni bora, hata kama wivu unakuuma.

Mungu akupe macho makali, na ulimi usioficha yale macho yameona. Kazi ya mikono yako idumu ukutani kwa watu. Na yule unayemwonea wivu kwenye hiyo kamati, kwa maana najua yupo, Mungu ambariki yeye pia. Sema amina. Sikusikii, sema kwa sauti.