Mbwa Aliyeamka Usinge

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa joshoni, mahali pa kuogeshea ng'ombe, nikiwa na buti mpya za mpira na cheti cha chuo cha mifugo mkobani. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinionyesha ng'ombe aliyesimama ameinamisha kichwa, akaniuliza anaumwa nini. Nikaanza kutaja magonjwa niliyosoma.

"Hujamgusa bado," akanikatiza. "Mguse kwanza, binti."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Goweko, kwa wakulima wa tumbaku. Nilichanja ng'ombe dhidi ya chambavu, kuku dhidi ya mdondo, mbwa dhidi ya kichaa. Zaidi ya chanjo, mbwa hatukuwatibu. Mmoja akivunjika mguu, mwenyewe alimmaliza kwa rungu nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeona ajabu.

Baadaye nikahamishiwa Usinge, karibu na misitu ya hifadhi. Huko ndiko alikonijia Mzee Gervas, mrina asali, akisukuma baiskeli. Nyuma, juu ya keria, alikuwa amemfunga mbwa wake, Tomi, ndani ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Huyu jana aliruka mtaro, akalia mara moja, akaanguka. Miguu ya nyuma haisimami."

Nilimpapasa mgongo pingili moja baada ya nyingine. Nilipofika nyuma ya mbavu za mwisho akanguruma na kukaza tumbo. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto wa kulalia, tunakiita diski. Ikipasuka, uji wake hutoka na kuubana ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, na miguu hukosa habari kutoka kichwani. Nikambana kidole cha mguu kwa koleo. Mguu kujivuta tu hakutoshi, lazima uangalie kichwa, kama mbwa anageuka kwa maumivu. Tomi akageuka, akanitazama, akalia. Alikuwa bado anahisi.

Nikampigia simu daktari wa wilaya wa wakati huo, mama mmoja mkali lakini wa haki.

"Upasuaji huku hakuna," akasema. "Mchome sindano ya kumpumzisha moja kwa moja."

"Bado anahisi, daktari."

"Basi mpe dawa ya uvimbe, umlaze. Asitembee kabisa. Ila mwambie mwenyewe ukweli. Wengi hawaamki wakasimama tena."

Nilimwambia. Mzee Gervas akajenga kizimba kidogo cha fito, mbwa asipate nafasi ya kuruka. Nilikwenda kumwonyesha namna ya kumgeuza ubavu na kumbonyeza tumbo ili mkojo utoke, maana kibofu nacho kilikuwa kimelala. Nilimkuta ameshamgeuza. Alikuwa amejaza nyasi kavu chini ya nyonga.

"Vidonda huanzia hapa," akasema.

"Nani alikufundisha, mzee?"

"Mama wa nyumba hii. Alipigwa kiharusi, akalala mwaka mzima. Tumemzika kabla ya mvua."

Nikampa pole.

Wiki zikapita. Jioni baada ya kazi nilipitia kwake tukamnyoosha Tomi miguu, tukaikunja na kuikunjua. Siku moja mkia ukatikisika. Kisha miguu ikaanza kusukuma mkono wangu. Nikamwomba Mzee Gervas kitambaa cha kupitisha chini ya tumbo, tumnyanyue sehemu ya nyuma ajaribu kukanyaga. Aliingia ndani akakawia sana. Alitoka na kitenge cha kijani chenye harufu ya sanduku, akanipa bila kunitazama.

Tulimtembeza hivyo, kila siku kidogo, mpaka asubuhi moja Tomi akasimama peke yake. Akapepesuka kama mlevi, akafika kwenye bakuli la maji, akanywa. Mimi nilicheka kwa furaha. Mzee Gervas akaketi juu ya mzinga mtupu.

"Daktari, huku kumnyanyua na kumkanyagisha, na mtu hufanyiwa?"

"Hufanyiwa."

"Mimi niliambiwa mama nimgeuze. Nikamgeuza tu." Akamtazama mbwa. "Angesimama?"

"Sijui, baba."

"Najua hujui. Nilitaka tu kumuuliza mtu."

Tomi aliishi miaka mingi, akifuata baiskeli msituni kwa mwendo wa upande upande. Mzee Gervas alimtunza vizuri, lakini sikumwona hata siku moja akimpapasa kichwa. Tulipokutana njiani alinisalimu kwa heshima, akapita.

Sasa nimestaafu, naishi mjini, mtaa wa Chemchem. Vijana wa mifugo hunipigia wakipata mbwa wa namna ile, nami huwaeleza yote: koleo, kizimba, kibofu, mazoezi. Mbwa wengine hawaamki. Akiamka mmoja, vijana hunitumia video wakishangilia, mwenye mbwa amesimama pembeni. Nami humtazama huyo wa pembeni kwanza, nione kama naye ana la kumuuliza mtu.