Pini ya Mlango wa Bwana Shabani

Juzi mvua ilinyeshea maboksi ya mjukuu wangu uani, na harufu ya kartoni iliyolowa ikaingia mpaka chumbani kwangu. Nilifunga dirisha. Haikusaidia. Nilikuwa tayari na miaka minane tena, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu Kasongo, wakati wa Wabelgiji, mbele ya mlango wa gari.

Baba alikuwa fundi wa magari, na magari yenyewe mjini yalihesabika kwa vidole. Hili lilikuwa la Bwana Shabani, mfanyabiashara wa mchele. Gari kuukuu lililopita mikononi mwa Wazungu wawili kabla ya kumfikia. Kioo cha mlango wa abiria kilikuwa kimezama ndani, hakipandi. Mkewe, Bi Mwajuma, ndiye aliyekaa upande ule. Alituambia kwamba kwenda Kabambare wakati wa mvua bila kioo ni kuoga na nguo, akacheka kwa ile sauti yake nzito. Kila alipopita kwetu alinipa karanga alizofunga kwenye pembe ya kitenge chake. Siku ile aliniuliza nafanya nini pale, na Baba akajibu, "Huyu ni fundi wangu."

"Mama, angalia," Baba aliniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Alibonyeza kipete cha chuma nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, akasukuma pini ndogo kwa msumari, mkono ukachomoka. Akafanya vilevile kwa mkono wa kupandishia kioo. Kisha akapitisha kisu butu pembeni, polepole, mpaka ubao wa ndani ukaachia. Ulikuwa kartoni ngumu tu, iliyovikwa kitambaa. Nyuma yake mlikuwa na vumbi jekundu, manyigu makavu, na kioo kilichotoka kwenye reli yake.

Nilishika kifuniko cha kopo chenye zile pini mbili. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, na niliamini kwamba bila mimi gari lisingepona. Halafu kuku mmoja akanipita na mjusi mdomoni, nikamkimbiza, na niliporudi kifuniko kilikuwa na pini moja.

Nilipekua mchanga mpaka kucha zikauma. Baba alikuwa amekwisha kurudisha kioo na ubao. "Tia pini, Mama. Weye iko na vidole vidogo."

Ningeweza kusema. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Lakini alikuwa ameniita fundi mbele ya Bi Mwajuma. Pini niliitia kwenye mkono wa kioo. Kwenye mkono wa mlango nilitia kijiti cha ufagio, nikakikata kwa meno, nikarudisha kipete juu yake. Hakikuonekana. Baba akajaribu mlango mara moja, ukafunguka. "Muzuri sana," alisema.

Habari ilitufikia siku ya pili. Kwenye kivuko cha mto Luama, mvua ikinyesha, gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye pantoni, likazama. Bwana Shabani alitokea upande wake. Upande wa Bi Mwajuma kioo kilikuwa kimepanda hadi juu, kama Baba alivyokitengeneza. Wapiga makasia walikivunja, lakini walichelewa. Walimkuta ameshika mkono wa mlango, umechomoka.

Gari lilipovutwa na kurudishwa Kasongo, Baba aliitwa aufungue ule mlango mbele ya Mzungu na watu wengi. Nilisimama karibu naye. Ubao ulikuwa umevimba kwa maji, ukanuka. Kwenye tundu la chuma kilibaki kipande cha kijiti. Baba alikitoa, akakiweka kiganjani, akakitazama kwa muda.

"Nini hii?" Mzungu akauliza.

"Ni kijiti, Bwana. Pini ilipotea. Ni miye nilikitia."

Hakunigeukia. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani amesahau nani alitia pini siku ile, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Walimfunga mwaka mmoja. Tulimwona akifyeka majani kandokando ya barabara na wafungwa wengine, na mama alinikataza kumpungia mkono. Aliporudi alikuwa amekonda. Hakushika gari tena. Alilima mpunga mpaka mwisho wake. Bwana Shabani alipita mbele ya nyumba yetu miaka yote ile bila kugeuza uso.

Baada ya maziko ya Baba, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, nilimweleza mama. Aliendelea kupeta mchele.

"Baba yako alijua siku ileile. Kile kijiti kilikuwa na alama ya meno. Aliniambia, tusimuulize. Akikua atasema mwenyewe."

Ndipo nilipoelewa jambo nililolichukulia kuwa mazoea ya mzee. Tangu atoke kifungoni, karibu kila jioni, akinawa udongo wa shamba miguuni, aliniuliza, "Mama, uko na neno?" Hata nilipoolewa, nilipokuja kumsalimia, aliniuliza. Na mimi, kila mara, nilimjibu haraka: "Hapana, Baba. Sina neno."