Nilimpeleka baba mdogo kuona bustani ya kale China, nikarudi Ujiji peke yangu

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Kila nikiusoma naona koma imekaa vibaya, nafuta wote. Leo nauacha hivi ulivyo. Nitakayosema ni kweli, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Mimi ni kijana wa Buzebazeba, pale Ujiji, Kigoma. Kichina nilijifunza mwenyewe kwa simu, miaka mitatu, bila mwalimu. Najirekodi, najisikiliza, narudia. Neno nisiloweza kulitamka sawasawa silisemi mbele ya mtu. Ndivyo nilivyo kwenye kila kitu. Shati likibaki na mkunjo mmoja baada ya pasi, sitoki nyumbani.

Baba mdogo alinilea tangu baba yangu afariki. Alikuwa anauza taa za kuvulia dagaa pale mwaloni Kibirizi. Akaamua tuzifuate wenyewe China, yeye mfanyabiashara, mimi mkalimani. Kabla hatujaondoka alishawatangazia wapagazi wote wa pale mwaloni kwamba mwanawe anaongea Kichina kuliko Wachina.

Kiwandani mambo yalienda vizuri. Yale mazungumzo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima.

Ikabaki siku moja kabla ya ndege. Yeye alitaka kulala hotelini. Mimi ndiye niliyetaka bustani.

Ilikuwa nyumba ya afisa mmoja wa zamani sana, aliyestaafu akajitengenezea bustani ndani ya ukuta wake, ya kwake na familia yake. Siku hizi unakata tiketi tu. Kwa nje huoni kitu, ukuta mweupe na mlango mdogo. Ukiingia unakuta bwawa, samaki wekundu, vibaraza virefu vyenye paa, na madirisha ukutani ambayo hakuna mawili yanayofanana. Kila dirisha limewekwa ili ukichungulia uone kitu kimoja: mwanzi, au jiwe, au kona ya maji.

Sijawahi kuona mahali ambapo hakuna kilichokosewa. Wakuu, sitanii.

Baba mdogo alitazama yale mawe yao yenye matundu, niliyomwambia yalitolewa ziwani, akasema fundi wa Ujiji angeyakataa. Halafu akatazama bwawa.

"Kwa hiyo huyu mzee alijichimbia ziwa lake nyumbani," akasema. "Sisi tuna Tanganyika nzima na hatujaweka hata benchi la kukaa tuitazame."

Nilicheka, lakini nilikuwa napiga picha. Nilimwomba asogee kidogo, anaingia kwenye picha. Akasogea. Nikamwomba tena, akasogea tena. Ndiyo maana sina picha yake hata moja ya siku ile.

Baada ya muda akaniambia ana kiungulia, labda yale mafuta ya chakula cha jana. Akakaa kwenye benchi la kibarazani. Nikaona jasho kwenye paji la uso, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Alikuwa anajisugua kifua.

Nilimuuliza kama turudi. Akaniambia nimalize kuangalia, tusiwasumbue watu, yeye ananyoosha mgongo tu. Kwetu mkubwa akishasema hivyo unanyamaza.

Hapo akaja mama mmoja mfanyakazi wa pale, amevaa kitambulisho shingoni. Akamtazama baba mdogo, akanigeukia mimi. Akaniuliza kama mzee wangu anaumwa na kama aite daktari.

Nilimwelewa. Kila neno.

Nilitaka kumwambia anatoka jasho na kifua kinambana. Lakini neno lao la "kubana" sikuwa na uhakika nalo, sauti inapanda au inashuka, na kwa Kichina hapo maana hubadilika. Na pembeni palikuwa na kundi la wanafunzi wanatutazama. Nilijua wangecheka.

Nikatafuta kichwani kitu ninachoweza kukisema bila kosa. Nikasema, "Hakuna shida, asante."

Ilitoka safi kabisa. Yule mama akatabasamu, akaniambia Kichina changu ni kizuri. Akaenda zake.

Na mimi nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu ninayoifuta kila mara.

Mtauliza kwa nini sikutumia app ya kutafsiri. Ilikuwepo kwenye simu hiyohiyo niliyokuwa napigia picha. Niliona aibu.

Nikaenda kuona daraja la nyuma, lile linalokwenda kwa kona kona. Sikukaa sana, labda dakika ishirini. Niliporudi watu walikuwa wamejaa kibarazani, na yule mama amepiga magoti sakafuni, anamminya baba mdogo kifua kwa mikono miwili.

Hospitali walisema ni moyo. Sikuuliza kama zile dakika ishirini zingesaidia. Sentensi ya kuuliza niliijua vizuri safari hii. Jibu ndilo sikulitaka.

Waislamu wa mji ule walitusaidia, Mungu awalipe. Kesho yake tulimzika kulekule, kwenye makaburi yao. Ujiji walimswalia akiwa hayupo.

Niliporudi, kila aliyenipa mkono wa pole aliniambia heri alikuwa na mtu anayejua lugha. Nilikuwa naitikia, "Ni kweli." Miezi saba naitikia hivyo.

Mwezi uliopita nilienda kwa mama mdogo, mjane wake, nikamweleza yote. Ilikuwa mchana, watoto wako shule, yeye anachambua dagaa kwenye ungo. Hakunikatisha.

Nilipomaliza akauliza, "Yule mama alipokuuliza, ulimwelewa?"

"Nilimwelewa, mama."

"Maneno yote?"

"Yote."

Akaendelea kuchambua. Kichwa upande huu, dagaa upande ule.

"Wanangu hawana baba, wana wewe," akasema. "Hili usiwaambie. Na mimi usinirudie nalo."

Kila Ijumaa nakula pale. Bado ananiita mwanangu. Ananiwekea samaki, mgebuka mkubwa kuliko wote, halafu anageukia jiko mpaka nimalize.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiulizwa hali ya mtu wako, jibu hata kwa makosa. Jibu kwa ishara, changanya maneno, chekwa na ukumbi mzima. Ningesema tu "mzee, kifua, jasho," yule mama angekimbia kuita daktari. Ningeonekana mjinga kwa dakika moja.

Wakuu mliowahi kubeba jambo la namna hii ndani ya familia, niambieni mliwezaje kuendelea kukaa mezani na wale watu. Na mwenye neno kali kwangu alimwage, sitajitetea.