Mkono Uliomlisha Mahlet

"Yule mtoto wa Etalem kapigwa jicho la husuda," Tiruwork aliwaambia wanawake waliopanga madumu bombani. "Miaka saba, mifupa mitupu! Angekuwa wangu, ningemtanua meno kwa kijiko."

Etalem alikuwa nyuma yao. Alisikia, akakinga maji yake. Alijua mwanawe anakula nini: shayiri ya kukaanga, kavu, punje moja moja. Injera, ule mkate mwembamba wa kila mlo, ikimgusa ulimi, kwa ule ulaini na uchachu wake, vinyweleo vilimsimama mwili mzima kama aliyetiwa kiwavi mdomoni. Alikuwa hivyo tangu aachishwe ziwa.

Maneno ya bombani yalimfikia mumewe, Gizachew. Jumapili, ndugu zake walipokuja kula, alikunja tonge la injera na mchuzi wa kuku, nene kama ngumi, akamnyooshea binti yake. Kwao Dessie tonge la mkono wa mtu ni mapenzi. Kulikataa ni kumtemea mate.

"Pokea, kipenzi cha baba."

Mahlet akafumba mdomo.

"Unaniaibisha mbele ya ndugu zangu?" Alimkamata taya, akabana mpaka midomo ikaachana, akasukuma tonge ndani pamoja na vidole vyake. Mtoto akauma. Gizachew akapiga ukelele, akamtandika kofi lililombwaga kwenye sinia, mchuzi ukatapakaa. Akamkandamiza kwa goti, akamshindilia tonge la pili. Jino likatoka na damu.

"Mwache! Anakufa!" Etalem alimrukia mgongoni. Akatupwa, kichwa kikagonga ukuta. Ndugu walikuwa wamesimama tu, mikono ina mchuzi. Mtoto alishakuwa rangi ya majivu, hapumui. Etalem akamnyakua, akampindua, akampiga mgongoni kwa kiganja mara nne, mara tano, hadi tonge likaruka sakafuni.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye mvi, alimsafisha Mahlet kinywa huku akisema na wazazi.

"Si jicho, wala si jeuri. Ubongo wake unaupokea ulaini wa chakula kama hatari, kama wenu unavyoupokea moto. Nikikushika mkono nikautia kwenye makaa kila siku, baba, utayazoea?"

Gizachew alitazama kidole chake kilichofungwa bendeji. "Nilikuwa nampenda," alisema.

"Basi asishikwe tena. Mtafutieni kinachofanana na shayiri yake, akichukue mwenyewe."

Kesho yake mchana Tiruwork aliingia na bakuli, bila hodi, tonge limeshakunjwa mkononi. "Wapi kifaranga wangu Mahlet? Tonge la shangazi halikataliwi!"

Mahlet akajibana nyuma ya mlango. Etalem, ambaye hajawahi kumjibu mtu bombani, alimdaka jirani yake kifundo cha mkono, akakisokota mpaka tonge likaanguka.

"Etalem! Mimi jirani yako?"

"Nitauvunja."

"Umerukwa na akili!"

"Nitauvunja, Tiruwork. Mguse uone."

Tiruwork akaanza kulia kwa maumivu. Ndipo Mahlet akachungulia, mdomo umevimba, pengo jekundu. Alimtazama jirani, si usoni, mkononi.

"Shangazi," alisema taratibu, "ile injera unayoanika juani, ile kavu inayolia ukiivunja. Niletee hiyo. Iweke chini hapo, halafu utoke."